Kinyama cha jicho kwa anayetumia ARV

Dada, kuhusu kaka yako mvuvi wa Malindi anayetumia ARV na ameota kinyama jichoni: asipewe matone tu akarudi baharini. Kinyama cha kawaida huwa kama pembetatu, mara nyingi huanzia upande wa pua, na hukua kwa miaka. Kikikua kwa wiki au miezi, kikawa na utando mweupe kama magamba au madoa ya kahawia, na mishipa minene myekundu ikakiingia, shuku saratani ya seli bapa, jamaa ya ile ya ngozi. VVU huongeza hatari sana, na jua la huko nalo halina huruma. Kofia pekee haitoshi maana mwanga hurudi kutoka majini. Anahitaji miwani ya kuzuia UV (mionzi ya jua isiyoonekana), iliyoziba pembeni.

Kwa kutazama tu, hata daktari wa macho hukosea. Kikatwe chote, kisha (hapa ndipo wengi huteleza) kitiwe kwenye fomalini (maji ya kuhifadhi nyama isiharibike) kipelekwe maabara, kisitupwe. Ikithibitika ni saratani, amuulize daktari matone ya fluorourasili 1% (dawa ya saratani), mara 4 kwa siku kwa wiki 4, kidonda kikishafunga. Utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha yanapunguza sana uvimbe kurudi. Yatamwasha na kumtoa machozi. ARV asiache.