Maji Yanaharibika Baada ya Mita

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara. Maji kwetu hutoka siku mbili au tatu kwa wiki. Yakitoka, bomba la uani linanuka dawa mpaka chai inabadilika ladha. Kwa hiyo maji ya kunywa nachota jikoni, kwenye bomba linaloshusha maji ya simtanki la lita 1,000 tuliloweka nyuma ya nyumba. Hayo hayana harufu, ni matamu. Lakini mwanangu mdogo wa miaka mitatu ameshaharisha mara nne tangu masika yaanze. Jirani anasema ni hiyo dawa wanayotia kwenye maji. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na mtoto, maana maji yanaweza kusubiri nusu saa, yeye hapana. Akiharisha tena mpe ORS kidogo kidogo kila anapokwenda haja, usimkatishe chakula, umpeleke zahanati wakampe na vidonge vya zinki. Ukiona macho yameingia ndani, au damu kwenye choo, au amelegea hataki hata kunywa, hapo usingoje kupambazuke.

Sasa maji. Nimefanya kazi ya maabara ya maji hapa Dar es Salaam miaka 27, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa nazunguka majumbani na kisanduku cha vipimo begani. Kipimo cha klorini ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unakinga maji kwenye kichupa cha kioo, unatumbukiza kidonge, unatikisa. Klorini ikiwemo, maji yanageuka rangi ya waridi hapo hapo. Isipokuwemo, yanabaki vilevile.

Kuna nyumba moja Sinza siisahau. Walikuwa na kilio kama chako: watoto watatu, tumbo haliishi, na mama mwenye nyumba amenuna kwa sababu ya "dawa". Nikakinga maji pale kwenye mita: kichupa kikawa na rangi kama juisi ya rozela iliyozimuliwa. Nikaingia jikoni, nikakinga yale matamu: meupe kabisa, hata dalili ya waridi hakuna. Nikaomba ngazi. Mfuniko wa tangi ulikuwa umechukuliwa na upepo, wamefunika kwa kipande cha bati na tofali juu yake. Nilipokiondoa nikaona kuta za ndani ni kijani, zinateleza, chini kuna tope la kina cha kidole, na mjusi aliyekufa siku nyingi, ngozi imeshaanza kuachana na mifupa. Yale maji ndiyo waliyokuwa wakiwapa watoto. Kichupa cha pili, kile cha kupimia vimelea vya kinyesi, nilikiacha kabatini ofisini mpaka siku ya pili. Kilikuwa cheusi tii, maana yake vimelea vimo. Nilirudi na kichupa mkononi nikamwonyesha yule mama, akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kusema neno.

Ndiyo maana nakusihi usimsikilize jirani. Ile harufu unayoikimbia uani ndiyo mlinzi wako. Maji ya mji huu mengi yanatoka Mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru. Yanasafishwa Ruvu Juu kule Mlandizi, mtambo wa mwaka 1959, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, mtambo wa mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa, Ruvu Juu umejengewa uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini lita milioni 270. Mtoni yanaingia yana rangi ya chai ya maziwa, hasa mvua zikinyesha. Yanatiwa dawa ya kugandisha tope, yanatulizwa, yanachujwa kwenye mchanga, halafu mwishoni kabisa ndipo inatiwa klorini. Hiyo ya mwisho si ya kusafisha tu. Inatiwa ya ziada makusudi, ili isafiri na maji mpaka kwako, ipambane na chochote kitakachoingia njiani. Kiasi kinachotakiwa kubaki bombani ni kidogo mno, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ukiisikia kwa pua, ujue mlinzi amefika nyumbani salama. Ukitaka harufu ipungue, kinga maji kwenye ndoo safi, funika, yalaze usiku kucha. Asubuhi chai yako itakuwa na ladha ya chai.

Na njiani kuna mengi ya kupambana nayo. Wewe unasema maji hutoka siku mbili au tatu. Siku ambazo hayatoki, bomba halikai tu bure. Likiisha msukumo linaanza kunyonya, kama mtoto anyonyavyo soda kwa mrija, na kama lina ufa, linanyonya kile kilichopo nje ya ufa. Nenda leo ukaangalie mpira unaotoka kwenye mita kuja kwako umepita wapi. Mitaa mingi nimeona mipira imelazwa ndani ya mtaro, maungio yamefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na masika hii watu wanatapisha vyoo usiku mvua ikinyesha, kinyesi kinapita juu ya ile tyubu. Hilo la kutapisha vyoo linaniuma kuliko yote, kwa sababu anayefanya hivyo anajua anachofanya. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia humu humu mjini kwetu. Kama mpira wako uko mtaroni, utoe, hata kama ni gharama. Upitishe juu, mbali na maji machafu, na maungio yafungwe na fundi bomba kwa vifaa vyake. Uvujaji ulio upande wa mtaani, kabla ya mita, ripoti kwa mamlaka ya maji na usichoke kurudia.

Halafu jizoeze hivi: maji yakirudi baada ya mgawo, yale ya dakika za mwanzo usiyaingize tangini. Yakinge ndooni, yatumie chooni na kupigia deki. Yaache mpaka yawe maangavu, yasiyo na rangi, ndipo ufungue koki ya kwenda tangini. (Yakitoka na weupe kama maziwa halafu kwenye glasi yakaanza kung'aa kutoka chini kwenda juu, hiyo ni hewa tu, usiogope. Yakiwa na rangi ya udongo, hayo ndiyo ya kumwaga chooni.)

Tangi lenyewe lioshe Jumamosi hii. Funga koki ya kuingiza, toa maji yote, sugua kuta na sakafu kwa brashi safi, toa tope lote kwa beseni na kitambaa. Asiingie mtu ndani akiwa peke yake, na mtoto asiingie kabisa. Kisha lijaze maji, utie jiki ya kawaida isiyo na manukato. Soma chupa: ikiwa imeandikwa 3.5%, lita moja na nusu inatosha kwa tangi lako la lita 1,000. Fungua kila bomba la ndani mpaka usikie harufu, funga, yaache yalale humo mpaka asubuhi. Waambie wote nyumbani wasiyanywe wala wasiyaogee. Kesho yake yamwage chooni, si kwenye mchicha, usuuze, ujaze upya. Na jiki usiichanganye kamwe na ile dawa kali ya kusafishia choo, kwani mvuke wake unachoma mapafu. Mfuniko uwe wa kufunga kwa kuzungusha, na bomba la kumwagia ziada lizibwe kwa wavu. Mimi langu naliosha kila baada ya miezi mitatu.

Hata likiosheka, maji ya kunywa ya watoto chota uani siku yakitoka, si jikoni, na bado uyatibu, kwa sababu ya ule mnyonyo niliokueleza. Chemsha mpaka yatokote mapovu makubwa, dakika moja inatosha. Wanaochemsha nusu saa wanateketeza gesi bure. Au tumia vidonge vya dawa ya maji, ndoo ya lita 20 kwa kidonge kimoja kwa vile vinavyouzwa sana madukani, ila soma pakiti maana vipo vya vipimo tofauti, na usubiri nusu saa. Baada ya hapo yahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Nimepima maji yaliyochemshwa vizuri kabisa yakaonekana machafu, na sababu ilikuwa kikombe cha kuchotea kilichowekwa juu ya mfuniko, kinachoshikwa na kila mkono unaotoka chooni.

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Mbagala, nyumba ya kupanga. Maji ni ya kisima cha mwenye nyumba, yana chumvi kidogo. Choo kipo kama hatua kumi na mbili kutoka kisimani. Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Nikichemsha vizuri yatamfaa mtoto?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amfungue salama. Hapana, hayatamfaa, na nakwambia hivi bila kuyaona.

Kuchemsha kunaua vimelea. Hakuondoi kilichoyeyuka. Chumvi inabaki, na kwa kuwa maji kidogo yamekwenda na mvuke, inabaki kali zaidi. Mwenzake chumvi, asiye na ladha wala rangi, ni naitreti, ambayo inatoka kwenye vyoo vya shimo na makaro na kuzama taratibu mpaka kwenye maji ya chini. Mtu mzima anaweza asihisi kitu. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake inashindwa kubeba hewa, midomo na kucha zinageuka rangi ya bluu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa hasa kwa ajili ya hawa wadogo. Choo kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na chenyewe kiwe upande wa chini wa mteremko. Hatua kumi na mbili hazifiki hata nusu.

Nafuu kubwa unayo, na haina bei. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza. Maji hapewi kabisa, hata joto likiwa kali vipi, na bibi zake wakikulaumu waonyeshe safu hii. Mama naye anywe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yale ya bomba la mamlaka, hata ikibidi ununue dumu mbili kwa siku kwa ajili ya kunywa na kupikia tu. Ya kisima yabaki ya kufulia na kupigia deki. Ukinunua kwenye boza, muulize dereva kayajaza wapi. Akijiumauma, mwache aende.

Kisima kipimeni. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapa Dar. Nenda kwanza ukachukue chupa zao, usipeleke maji kwenye chupa ya soda, maana majibu ya vimelea yatakuwa ya chupa na si ya kisima. Uliza naitreti kwa jina lake, vinginevyo wanaweza kukupimia vimelea pekee. Mwenye nyumba mkaribishe muende wote. Mpangaji akileta karatasi peke yake huonekana mchokozi, lakini mwenye nyumba aliyeyasikia majibu kwa masikio yake nimewaona wengi wakibadilika. Nakumbuka mzee mmoja wa Temeke alitoka maabara, hakusema na mtu, wiki iliyofuata akafunga kisima kwa zege na kuomba kuunganishiwa maji ya bomba.

SWALI: Mama shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba Mabibo. Nachemsha maji ya kunywa usiku kwa jiko la mkaa. Siku hizi mvua ni kubwa, kwa hiyo naliingiza ndani na kufunga mlango. Naamka kichwa kinauma sana na kichefuchefu. Ni maji?

JIBU: Marahaba. Si maji, ni jiko. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, haina moshi, na inaua mtu akiwa usingizini. Hicho kichwa na kichefuchefu ni dalili zake. Mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi watu hudhani umekuwa salama, na hapo ndipo wanapouingiza ndani. Bado unatoa hewa ile ile. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Nenda hospitali ukaangaliwe, uwaeleze wazi kwamba umelala na jiko la mkaa. Na usiku wa leo usiwashe chochote chumbani, hata mvua ikinyesha vipi. Nunua vidonge vya dawa ya maji, tia kwenye ndoo, funika, subiri nusu saa, unywe. Havihitaji moto. Jiko likae barazani, na kama baraza linavuja, kaeni na wenzako wa nyumba hiyo mchange bati mbili. Kisha niandikie tena Ijumaa, unijulishe kichwa kinaendeleaje.