Nimrudishie binti yangu daftari la nyimbo?

SWALI: Shikamoo Mzee. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Juzi nimemkuta na daftari kubwa limejaa maneno ya nyimbo za Bongo Fleva, mwanzo mpaka mwisho. Nimelifungia kabatini, nikamwambia nyimbo hazijibu mtihani. Akaniuliza, "Baba, kama muziki ni upuuzi, mbona wanamuziki wanachaguliwa kuwa wabunge?" Nikakosa jibu. Nimekosea?
Baba wa binti, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mrudishie leo hii, kisha tuongee.

Daftari kama hilo nilikuwa nalo. Miaka ya sabini, Magomeni, redio ya baba ilikuwa ya betri, na zikianza kuchoka tunazianika juani zipate nguvu kidogo. Radio Tanzania ikipiga dansi, mimi penseli mkononi. Neno likikupita, basi, ungoje wimbo upigwe tena, pengine wiki nzima. Siku moja nikaandika "mirija", nikadhani ni ile ya kunywea soda. Nikamuuliza baba, kuli wa bandarini asiyekuwa na kitabu hata kimoja nyumbani. Alinieleza unyonyaji na Azimio la Arusha la 1967 mpaka koroboi ikaishiwa mafuta. Darasani nilikuwa nimeshalikariri Azimio hilo bila kulielewa. Mlango wangu ulikuwa wimbo, na baba aliyekubali kuulizwa.

Sasa swali la binti, ambalo ni swali zuri sana. Ni kweli, msanii Sugu alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na mwenzake Professor Jay akachaguliwa Mikumi mwaka 2015. Lakini mwambie jambo hili halikuanza na Bongo Fleva. Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru, kabla ya kuingia chama hicho mwaka 1955 alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma hapa hapa Dar es Salaam. Chama kilikuwa na mwaka mmoja tu na kiliwahitaji wanawake. Vikundi vya ngoma vilikuwa tayari na viongozi wao, na wanachama waliofahamiana mpaka kwenye misiba na harusi. Ujumbe ukipita huko, unafika uani, ambako mwanasiasa mwanamume hakaribishwi. Wengi wa kina mama hao shule hawakuiona, lakini uhuru ulipita mikononi mwao. Mimi hili linanigusa kila nikilikumbuka, maana kwenye vitabu vyetu vya shule wanapewa mistari michache.

Sisemi kila anayeimba anafaa kuongoza. Binti akimpenda msanii anayegombea, muulize: anataka kutufanyia nini, na kwa fedha gani? Mwache atafute mwenyewe.

Jumamosi nendeni wote wawili Maktaba Kuu. Mkishuka Posta, fuateni Mtaa wa Maktaba mpaka mkute Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Jengo liko hapo, lilifunguliwa mwaka 1967. Mwambie aje na daftari lake, achague maneno kumi asiyoweza kuyaeleza. Nawe chagua kumi ya nyimbo za ujana wako. Kaeni meza moja, kila mtu na kamusi yake.