"Kilichopakwa" au "zilizopakwa"? Madai ya hataza ya dawa

SWALI: Natafsiri hati ya hataza ya dawa, yaani haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi. Dai la 1, sentensi inayotaja kinacholindwa, nimeliandika hivi: "Kidonge chenye chembechembe za dawa A na dawa B kilichopakwa utando wa polima." Mwenzangu anataka "zilizopakwa". Tena anasema "chenye" ni neno legevu, tuandike "kilichoundwa na". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Kisasa, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kushindana juu ya kiambishi, someni maelezo na mifano ya utengenezaji ndani ya hati hiyo. "Kilichopakwa" kinauweka utando nje ya kidonge kizima, na kazi hiyo hufanyika baada ya kushindilia, yaani kuzibana chembe ziwe kidonge. "Zilizopakwa" kunauweka kwenye kila chembe, kabla ya kushindilia. Hivyo ni vidonge viwili tofauti. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo sentensi yake huweza kubeba maana zote mbili kimyakimya; Kiswahili kinakulazimisha kuchagua, na ukikosea umehamisha bikoni ya kiwanja cha mtu. Mtengenezaji anayepaka kidonge kizima atadhani amezuiwa, kumbe kinacholindwa ni chembe. Hati isipobainisha, usiamue wewe: weka tanbihi ya mfasiri inayotaja maana zote mbili.

Kuhusu "chenye", hapo umepatia. Si neno legevu, ni neno lililo wazi kwa makusudi. Tuseme dai linasema "kidonge chenye tenofovir na lamivudini", ambazo ni dawa za VVU. Kidonge cha miligramu 300 za tenofovir, 300 za lamivudini na 50 za dolutegravir kimo ndani ya dai hilo, maana kuongeza dawa ya tatu hakuziondoi mbili za mwanzo. Andika "kilichoundwa na tenofovir na lamivudini pekee", na kidonge hichohicho kiko nje. "Kilichoundwa na" bila "pekee" ni hatari: mmoja atalisoma dai limefungwa, mwingine limeachwa wazi.

Angalia na vipimo. "Zaidi ya miligramu 50" haihesabu 50 yenyewe. "Zisizopungua miligramu 50" inaihesabu. Na katika dai tegemezi, yaani linaloegemea dai lililotangulia, usiondoe kamwe maneno "kidonge cha dai la 1", kwa kuwa ndiyo yanayobeba masharti yote ya dai hilo.

Jambo dogo la jalada la tafsiri yako: kama umeandika "hakimiliki", futa. Hiyo ni ya maandishi, muziki na kazi kama hizo. Uvumbuzi hupewa hataza, ambayo hapa Tanzania Bara husajiliwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni.

Turudi kwenye sentensi yako. Hata "zilizopakwa" ya mwenzako ina kasoro, kwani nayo dawa A na B ziko ngeli ileile ya chembechembe, na msomaji anaweza kudhani dawa ndizo zilizopakwa. Ikiwa maelezo yanasema chembe hupakwa kwanza, sogeza kirejeshi (hapa "zilizopakwa") kikae karibu na nomino yake: "Kidonge chenye chembechembe zilizopakwa utando wa polima, ambazo ndani yake mna dawa A na dawa B."