Babu alitekwa Singapore, kisha akapelekwa wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimeolewa Australia, naishi Perth. Baba wa mama mkwe wangu alikuwa askari. Wajapani walimteka Singapore mwaka 1942, akarudi 1945 na hakusimulia lolote. Wakubwa wanasema tu "alikuwa Changi", kambi ya wafungwa huko Singapore. Tuna namba yake ya jeshi, inaanza na WX, na kadi moja aliyoandika akiwa mfungwa. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Anza na namba hiyo. W ni Australia Magharibi, alikojiandikisha. X inaonyesha alijiunga na jeshi la kwenda kupigana ng'ambo. Iandike kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Australia, mfululizo B883, utapata jalada lake. Kama kurasa hazijawekwa mtandaoni, omba nakala.

Ndani ya jalada tafuta fomu B103, yaani kumbukumbu ya utumishi wa askari. Wengi hukosea hapa, maana fomu ina tarehe za aina mbili: siku taarifa ilipofika na siku tukio lilipotokea. Ukikuta ameandikwa mfungwa mwaka 1943, usidhani ndipo alipotekwa. Singapore ilianguka 15 Februari 1942. Huko nyumbani familia nyingi zilikaa zaidi ya mwaka zikijua tu kwamba mtu wao "hajulikani alipo".

Nakushauri sana uanze na mwisho. Soma mistari ya Agosti na Septemba 1945, uone alikutwa wapi alipokombolewa: Thailand, Japani au Singapore. Kisha rudi nyuma. Changi ilikuwa kama stendi. Waaustralia karibu 15,000 walitekwa Singapore, wengi wakapita hapo, wakaondolewa kwa makundi yenye herufi. Kundi A, watu 3,000, lilikwenda Burma Mei 1942. Kundi F, watu 7,000, lilipelekwa Thailand Aprili 1943 kujenga reli ya Thailand na Burma. Zaidi ya Waaustralia 1,000 wa kundi hilo walikufa. Kundi B lilikwenda Sandakan, Borneo. Wafungwa waliokuwa bado Sandakan mwanzoni mwa 1945 walikufa wote, isipokuwa Waaustralia sita waliotoroka.

Jalada lisipotaja kundi, angalia kikosi. WX wengi waliotekwa Singapore walikuwa batalioni ya 2/4 ya bunduki za rashasha, iliyofika huko Januari 1942, wiki chache tu kabla ya kushindwa. Tafuta wenzake waliokufa kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, uwapange kwa tarehe, uone kikosi kilipitia wapi. Lakini makaburi ya Kanchanaburi (Thailand) na Thanbyuzayat (Burma) yalikusanywa baada ya vita, kwa hiyo yanakuonyesha sehemu ya reli, si kambi yenyewe.

Kadi nayo isomwe kwa uangalifu. Nyingi zilichapwa sentensi tayari, "afya yangu ni nzuri sana", mfungwa akachagua tu, na Wajapani walizikagua. Chake mwenyewe ni sahihi na majina aliyoongeza. Ipige picha pande zote mbili, taa ikiwa ubavuni, penseli iliyofifia itaonekana. Tafadhali usiipige laminesheni. Itaharibika na hutaweza kuitoa tena.

Jalada likifika, lisome peke yako kwanza. Huenda likawa na karatasi za hospitali: beriberi (ugonjwa wa kukosa vitamini), malaria, vidonda vya miguu. Halafu mwulize mama mkwe angependa kuona kurasa zipi.