Mwanangu karuka gatini usiku kisa namba ya WhatsApp

"Shangazi, mwanangu wa form two kaja usiku mguu umechanwa na chaza. Kumbana, kasema ni gemu ya WhatsApp, unachagua namba 1 mpaka 20 na kila namba ina kazi yake, yeye ikamwangukia kuruka gatini. Sasa wanataka atume picha hana nguo, akikataa wanarusha chat alizomtukana mwalimu. Babake yuko baharini. Simu nimeichukua nataka kuivunja. Mama K, Langoni, Lamu."

Mama K pole dadangu. Simu usiivunje na usifute kitu, najua mkono unawasha.

Gatini sote tumeruka jamani, lakini mchana, maji yamejaa, na wakubwa wamekaa wanatuangalia. Huyu karuka gizani maji yamekupwa, katumwa na mtu ambaye pengine saa hiyo yuko kwao kajifunika shuka. Na namba zenyewe huanza kitoto tu, msalimie eksi wako, weka status ya kuchekesha, mtukane tichá kidogo hapa kwa grupu, ukishafanya tatu nne washakuwa na kitu chako na ndo hicho wanakuvutia nacho.

Kwa hivyo anzia hapo kwa zile chat. Kesho nenda naye kwa huyo mwalimu, aseme kwa mdomo wake aliandika nini na aombe radhi. Ataona haya, ndio, lakini wakija kuzirusha mwalimu ashajua, watakuwa na nini tena?

Piga skrinshoti za vitisho, namba zao na tarehe zionekane, ndo atoke kwa grupu, awabloku, na kwa setingi aweke anayeweza kumuadi kwa grupu ni kontakti zake pekee. Picha asitume hata moja. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 kwa picha za hivyo za mtoto inafika kifungo cha miaka 25, kwa hivyo wakiendelea peleka skrinshoti polisi. Piga pia 116, ni bure, Childline watazungumza na yeye mwenyewe bila kumpigia kelele. Na huyo edmini wa grupu, Lamu hii mamake utamjua tu, mpitie jioni mzungumze taratibu kabla hayajafika barazani.

Babake mwambie wewe, asisikie kwa watu.

Halafu huo mguu mpeleke hospitali leo wausafishe wamdunge ya pepopunda, chaza hukata vibaya, na msimpake majivu tafadhali.