"Borrow" na "lend": weka "azima" pembeni, pima kwa "kopa"

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini alisahihishwa alipoandika "Please borrow me your dictionary", na yeye alikuwa ametafsiri neno kwa neno: naomba uniazime kamusi yako. Swali zuri, na linastahili jibu refu kuliko ule mstari mwekundu aliochorewa.

Chanzo ni kitenzi chetu "azima". "Aliazima kitabu": kitabu kimekuja kwake. "Aliniazima kitabu": kitabu kimetoka kwake. Shina ni lilelile, kiambishi "-ni-" ndicho kilichogeuza mwelekeo. "Niazime" ndiyo tata zaidi, kwa kuwa "ni-" hapo yaweza kuwa mtenda (mimi nichukue) au mtendewa (wewe unipe). Sisi hatupati shida, kalamu inafika mkononi kwa vyovyote. Kiingereza kinakulazimisha uchague: anayechukua "borrows", anayetoa "lends".

Kwa hiyo usipime kwa "azima". Pima kwa "kopa" na "kopesha", ambako Kiswahili chenyewe kimeshatenganisha pande mbili. Sentensi ikikubali "kopa", andika "borrow". Ikidai "kopesha", andika "lend". Najua hakuna anayesema "nikopeshe kamusi", lakini hii ni mizani, si tafsiri. Kamusi ya msomaji wetu inaombwa kwa njia mbili: "Could I borrow your dictionary?" au "Could you lend me your dictionary?" Angalia kiima: "I" huenda na "borrow", "you" huenda na "lend". Ukianza na "Could you borrow", unamtuma mtu akakuazimie kwa mwingine.

Ukishachagua kitenzi, panga maneno yanayokifuata. "Lend" hubeba yambwa mbili bila kihusishi: "She lent me her umbrella". Au kitu kitangulie, kisha "to": "She lent her umbrella to me". Kitu kikiwa "it", mpangilio wa pili ndio salama: "Lend it to me". "Borrow" haikubali yambwa mbili hata kidogo. Hubeba kitu, na mwenye kitu huja baada ya "from": "I borrowed an umbrella from her". Hapa "kwa" yetu huponza wengi. Tunasema "niliazima kwa jirani", mtu akaandika "borrowed to my neighbour". "To" inaonyesha kitu kinakoenda, "from" kinakotoka. Kauli ya kutendwa nayo hufuata njia hiyohiyo: "I was lent a book" ni sahihi, bali "I was borrowed" inamaanisha wewe mwenyewe ndiye uliyeazimwa.

Wakati uliopita ni "borrowed" na "lent". "Lended" haipo. Na kwa wale ambao "l" na "r" hupishana mdomoni, hapa zoezi la matamshi ni la lazima, kwa sababu "rent" ni kupanga au kukodi kwa malipo. "I lent a car" na "I rent a car" ni habari mbili tofauti kabisa: ya kwanza gari ni lako na umempa mtu, ya pili gari si lako na unalilipia.

"Loan" ndiyo inayoleta madhara makubwa, hasa kwenye barua za fedha. Kama nomino ni mkopo, haina shida. Kama kitenzi, ambacho Wamarekani hukitumia sana, maana yake ni kukopesha. Anayeandika "I loaned money from the bank" akitaka kusema amekopa, ameshika kitenzi cha mkopeshaji. Andika "I borrowed money from the bank" au "I took out a loan".

Kwa kitu kisichobebeka, au utakachokitumia palepale mwenyewe akiwepo, "use" ndiyo inayofaa: "Can I use your bathroom?" Ukisema "borrow" hapo, msikilizaji anapata picha ya choo kinachohamishwa.

Walimu wenzangu, tafadhali tuache kuandika "kuazima" mbele ya maneno yote mawili ubaoni. Mwanafunzi anayenakili hivyo hana namna ya kuona tofauti, na kumkata alama baadaye ni kumwonea. Chora mishale: "borrow", mshale unaingia kwangu, "lend", mshale unatoka kwangu. Kisha wape kalamu zipite mkono kwa mkono, kila anayetoa na kila anayepokea aseme sentensi yake kwa sauti.