Dalglish kocha wa kubebwa?

Kaka, kusema Kenny Dalglish alibebwa na Liverpool kwenye ukocha ni kumwonea. Kweli alikabidhiwa timu kali mwaka 1985, akiwa bado anacheza. Lakini msimu wake wa kwanza tu alibeba ligi na Kombe la FA, na bao lililoleta ubingwa pale Chelsea alilifunga yeye mwenyewe! Kocha gani wa leo atakufanyia hivyo?

Halafu ukaja mkasa wa uwanja wa Hillsborough, 1989, mashabiki wa Liverpool walipobanana kwenye msongamano. Mashabiki 97 walipoteza maisha, naye akawa anazunguka kwenye mazishi na kukaa na wafiwa. Mzigo ule ulimwelemea, akajiuzulu Februari 1991.

Ila jibu lako hasa ni klabu ya Blackburn, aliyoifundisha baadaye. Aliikuta daraja la pili, akaipandisha 1992, na 1995 wakawa mabingwa wa Uingereza. Pesa za Jack Walker, mmiliki wa klabu hiyo, zilisaidia, sikatai. Siku ya mwisho ya msimu huo walifungwa 2-1, tena Anfield kwa Liverpool, wakaokolewa na sare ya Manchester United, wapinzani wao wa ubingwa, kule West Ham.

Newcastle, alikofundisha baada ya hapo, ndiko hakung'ara, hapo nakuunga mkono.